Nilikuwa wa Kwanza Kuita

Kwa miaka sita kazi yangu ilikuwa kuwatazama nyani. Watu wakiniuliza nilikuwa nafanya nini kule Mai Mahiu nami nikawajibu hivyo, hucheka kwanza, halafu huuliza kama kweli nililipwa. Nililipwa. Mtafiti mmoja, mwanamke wa makamo ambaye sote tulimwita Daktari, alikuwa akilifuatilia kundi moja la nyani lililolala kwenye majabali juu ya barabara, pale malori yanapoanza kuunguruma kupanda mlima. Alitaka mtu wa kuandika. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, mwandiko wangu ulisomeka, na sikuogopa kutembea. Ikatosha.

Kila baada ya dakika kumi niliandika nani yuko karibu na nani. Nani anamchambua nani manyoya, nani kaondoka baada ya kutazamwa tu, nani kaachwa peke yake. Baada ya mwaka mmoja niliwajua kama unavyowajua watu wa ploti moja. Nilijua jike gani akipita wengine wanasogea, na yupi alikula mwisho siku zote. Nilimwona dume mmoja mzee akifukuzwa kundini, akakaa siku tatu juu ya mwamba mkabala nao akiwaangalia, hali, hanywi. Alikuwa na maji na chakula karibu. Hakuwa na wenzake, basi.

Mama yangu hakuipenda kazi ile. Mchungaji wetu alikuwa amesema wazi kwamba binadamu hakutoka kwa nyani, na hapa mimi binti yake nilikuwa nikirudi nyumbani kila mwisho wa mwezi na habari za nyani kama habari za majirani. Nilimwambia hakuna aliyesema tumetoka kwa nyani hawa. Daktari alisema tu kwamba sisi na wao tuna babu mmoja wa zamani sana, kila mmoja akaenda njia yake. Mama alifikiri kidogo, akasema babu huyo asitajwe mbele ya wageni.

Kilichonishangaza zaidi kilikuwa mbweko. Nyani mmoja, mara nyingi jike mwenye mtoto, akiona kitu kwenye nyasi hubweka, na wengine wote hukimbia juu ya majabali. Hakuna anayeenda kuhakikisha. Na mara nyingi hakukuwa na chui. Lilikuwa gogo, au mfuko wa plastiki ulioletwa na upepo kutoka vibanda vya barabarani. Siku moja nilimuuliza Daktari kwa nini hawajifunzi. Tulikuwa tumekaa kwenye jiwe, yeye akimenya yai la kuchemsha. Alinieleza kwamba anayekimbia gogo mara mia hupoteza majani machache tu, lakini anayebaki chini kuhakikisha, siku chui akiwepo, haachi watoto. Kwa hiyo waliobaki duniani ni watoto wa waoga. Akaniambia na sisi tumo humo humo, akaendelea kula yai lake. Nililiandika hilo pembeni mwa daftari kwa sababu lilinifurahisha. Sikufikiri kwamba lilinihusu.

Niliolewa, nikapata binti, utafiti ukaisha, tukahamia Nakuru. Mume wangu ni fundi wa matrekta na mashine za kuvunia ngano kule Mau Narok, na wakati wa mavuno anaweza kukaa huko wiki tatu bila kurudi. Mimi nilifungua kibanda cha kushona sare za shule kando ya barabara ya mtaani, hatua chache tu kutoka ploti yetu. Cherehani yangu inatazama barabara. Nikishona, kila anayepita namwona, na kwa mazoea yangu ya zamani naona pia yuko na nani.

Binti yangu alikuwa na miaka mitano ujumbe ule wa sauti ulipoingia kwenye grupu ya mtaa, simuni. Ilikuwa Jumatatu. Mwanamke asiyejulikana alikuwa akizungumza huku analia, akisema watoto wawili wamechukuliwa na mama mmoja mwenye begi anayewavuta watoto kwa peremende. Hakutaja mtaa, hakutaja siku. Alisema tu, akina mama, angalieni watoto wenu. Nililisikiliza neno hilo mara sita, simu ikiwa sikioni kana kwamba ningesikia zaidi nikiikaribia. Kufikia jioni sauti hiyo hiyo ilikuwa imenifikia kutoka grupu ya kanisa, ya wazazi wa shule, na kwa shemeji yangu aliye mbali kabisa na Nakuru. Hakuna aliyemjua mwenye sauti. Hakuna aliyeuliza.

Siku ya Jumatano ikasemwa watoto walikuwa wawili wa mtaa jirani. Alhamisi wakawa watatu. Sikuweza kula vizuri. Binti yangu, akitoka shule, nilimweka chini ya meza ya kukatia vitambaa, na kila baada ya mishono michache niliinama kuona kama bado yupo. Nilimfundisha kukataa peremende, kukataa kubebwa, kukataa kutaja jina lake. Siku ya tatu ya mafundisho hayo alimkataa mwalimu wake mwenyewe langoni mwa shule, akalia hadi nikaitwa.

Lakini kuna jambo ambalo sijapenda kulisema. Wiki ile tulipendana. Kwenye ploti yetu kuna vyumba kumi na viwili, na baadhi yetu tulikuwa hatujasalimiana tangu ugomvi wa kamba ya kuanikia nguo. Sasa tulipanga zamu ya kukaa langoni. Jirani wa chumba cha nne, aliyekuwa akinipita kama mlingoti, alikuja na chupa ya chai, akakaa na mimi kibandani mchana kutwa. Tulisindikiza watoto pamoja, tukiwa tumeshikana mikono kama wasichana wa shule. Niliogopa, na wakati huo huo nilijisikia wa watu kuliko siku yoyote tangu nihamie Nakuru.

Jumamosi mchana, kama saa tisa hivi, niliinua macho kutoka kwenye kola ya shati nikamwona mwanamke mgeni. Niliuona ugeni wake kabla sijaona uso. Alikuwa amevaa gambuti zenye matope yaliyokauka na sweta nzito ya kufuma, nguo za mtu wa shambani kule juu kwenye baridi, na jua lilikuwa kali. Alibeba begi. Kwa mkono mwingine alimvuta msichana wa miaka minne hivi aliyekuwa akilia na kuegemea nyuma, visigino vyake vikichora vumbi. Mtoto nilimfahamu kwa sura. Alikuwa wa mwanamke mpole aliyehamia ploti ya pili miezi miwili nyuma, mtu wa kutoka asubuhi na kurudi jioni, ambaye hakuwa kwenye grupu na ambaye hakuna kati yetu aliyekuwa ameingia kwake.

Niliita, "Wewe, huyo mtoto ni wa nani?"

Alitazama upande wangu, mimi nikiwa kwenye kivuli cha kibanda. Nilikuwa ng'ambo ya barabara, na nadhani alinisikia vizuri. Akageuza uso, akaongeza mwendo.

Mara ya pili sikumwita yeye. Niliita watu. Nilisema kuna mtu anaondoka na mtoto, na sauti iliyotoka haikuwa ile ninayoijua. Ilipanda juu, ikapasuka. Nilikuwa nimeisikia sauti ya namna hiyo kwa binadamu mara moja tu maishani, ule mwaka wa vurugu nikiwa msichana ambapo familia yetu ililiacha shamba asubuhi na magodoro mawili na kuku mmoja. Jirani mmoja aliita akiwa juu ya kilima, na kabla hajamaliza kusema ameona nini, tayari tulikuwa tunakimbia. Sasa sauti hiyo ilikuwa kinywani mwangu.

Walikuja vijana wa bodaboda kutoka stejini, wale wa kuosha magari, akina mama wa zamu langoni, mwanamume mmoja akiwa na povu la kunyolewa upande mmoja wa uso. Sikuona walivyofika. Nakumbuka tu kwamba barabara ilikuwa wazi, kisha haikuwa wazi tena. Jirani wa chumba cha nne alinishika mkono, tukavuka pamoja, watu wakatupisha hadi mbele kabisa, kwa sababu mimi ndiye niliyeona.

Yule mwanamke alikuwa akisema ni mtoto wa dada yake. Alilisema mara nyingi, kwa Kiswahili cha taratibu chenye lafudhi ya kwao, na mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Msikize vile anaongea. Huyu si wa hapa." Nakuru hakuna wa hapa. Babu wa yule mtu aliletwa na reli, wangu aliletwa na shamba la mzungu, na tungesimama pale kuulizana tungejikuta sote tumetoka kwingine. Lakini maneno yale yalipita katikati ya watu, na niliona nyuso zikikaza.

Kijana mmoja alinyakua begi, akalimwaga. Gauni la mtoto, chupa ya chai, mahindi mabichi matatu, simu ndogo, kitambaa kilichofungwa fundo. Kutoka kwenye kitambaa peremende zilianguka vumbini, za rangi rangi, kama kumi hivi. Umati ulivuta pumzi pamoja. Nilisikia. Mimi pia niliivuta.

Kutoka hapo kwa muda fulani sina mpangilio mzuri. Nakumbuka fimbo, ilikuwa ya mtu wa kuchunga mbuzi, ikimpiga mkononi alipokuwa ameinua mkono kuficha uso. Nakumbuka jiwe moja dogo lililomgonga juu ya jicho, na damu ilivyochelewa kidogo kutoka. Aliketi chini. Hakumwachilia mtoto. Mtoto alikuwa amemshika shingoni kwa mikono miwili, uso umezama kwenye sweta, na alikuwa akisema neno moja. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Alikuwa akisema, "Anti. Anti. Anti."

Nilimsikia. Mtoto aliyeibwa hamshiki mwizi wake hivyo, na hilo lilinifikia kichwani waziwazi, kama mtu amenisomea kutoka kwenye karatasi. Ilinipasa kusema. Nilifungua mdomo. Jirani yangu alikuwa bado amenishika mkono, ananiangalia kwa heshima ambayo hajawahi kuniangalia nayo, na nyuma yetu walikuwepo watu sitini au sabini waliokuja kwa sababu yangu. Nilimwogopa nani? Hakuna aliyenitisha. Niliwaza tu kwamba nikisema nimekosea watanigeukia, na wazo hilo halikuwa na maneno, lilikuwa baridi inayopanda kutoka tumboni. Nikafunga mdomo.

Aliyesema alikuwa mama mzee anayeuza omena mbele ya ploti yetu. Baba yake alikuja Nakuru kutoka upande wa magharibi kufanya kazi ya reli, naye mwenyewe alizeekea kiwandani kabla ya kuanza biashara ya samaki. Ni mnene, magoti yanamsumbua, na alifika akiwa amechelewa kwa sababu hiyo. Hakupaza sauti. Alisema, "Ngojeni. Ngojeni kwanza," akipita, akisukuma watu kwa tumbo, halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Aliketi chini. Alijishusha polepole, akishika bega la kijana mwenye fimbo ili asianguke, hadi akawa amekaa vumbini ubavuni mwa yule mwanamke, leso yake ikiwafunika wote wawili na mtoto. Ikawa huwezi kumpiga mmoja bila kumpiga mwingine.

Wakati huo simu ndogo iliyokuwa chini ikaita. Kijana mmoja aliiokota, akaiangalia, hakujua afanye nini nayo. Mama wa omena alinyoosha mkono bila kumtazama, kama mtu anayedai chumvi mezani, naye akampa. Aliibonyeza sauti ikatoka nje. Ilikuwa sauti ya mwanamke mgonjwa, inayotoka polepole.

"Dada, mmetoka? Amekubali kuja? Mwambie nimeamka."

Ile sauti iliuliza tena kama mtoto amekula.

Mama wa omena akasema, "Amekula, mama. Wako njiani. Pumzika."

Watu hawakuondoka kwa pamoja. Wa nyuma ndio walianza, wale ambao hawakuwa wameona vizuri, kisha wa katikati, wakisema hili na lile kuhusu usalama wa siku hizi. Mwenye povu alirudi kwa kinyozi. Kijana aliyemwaga begi alianza kurudisha vitu ndani, akaziokota hata peremende, akizipangusa moja moja kwenye suruali. Hakuweza kumtazama mtu yeyote. Nadhani huyo aliteseka kuliko wengi.

Nilijitolea kumpeleka yule mwanamke kliniki. Watu waliona ni wema. Tulipanda tuktuk, yeye akiwa ameushika mkono wake wa kushoto kwa wa kulia, mimi nimempakata mtoto ambaye sasa alikuwa kimya kabisa. Alinieleza kidogo kidogo kwamba dada yake alianguka kazini asubuhi, akapelekwa hospitali akafanyiwa upasuaji, na kwamba yeye alipigiwa simu akiwa shambani Kabazi akaja vile vile alivyokuwa. Mtoto alikuwa akililia kubaki, akidhani mama atarudi nyumbani amkose. Mifupa miwili ya mkono ilikuwa imevunjika. Alifungwa plasta, akashonwa nyuzi tatu juu ya jicho. Nilikaa naye hadi mwisho. Niliuliza kama anasikia maumivu, nikamletea maji, nikampigia simu binamu yake aje awapeleke, yeye na mtoto, kwa dada yake. Sikumwambia kwamba mimi ndiye niliyeita watu.

Niliporudi, grupu ilikuwa na ujumbe mwingi. Mtu alikuwa ameandika sala. Mwingine aliandika kwamba heri kukosea kuliko kupoteza mtoto, na chini yake akina mama kama ishirini walikuwa wameweka alama ya mikono iliyokunjwa. Kisha jirani wa chumba cha nne akaandika kwamba tumpongeze mama wa kushona kwa kuwa macho. Pongezi ziliendelea hadi nikazima simu.

Mume wangu alipokuja Jumapili nilimweleza yote, hata lile la kusikia neno "anti". Alinisikiliza, akanishika bega, akasema mama yeyote angefanya vile. Alitaka kunituliza. Kwangu ilikuwa kama kufungiwa ndani pamoja na hao akina mama wote. Siku zilizofuata nilimpigia Daktari, ambaye sasa anafundisha mbali, na ambaye tulikuwa hatujazungumza kwa muda. Alinieleza kwa upole. Alisema hofu inaambukiza haraka kuliko habari, kwa sababu kwa muda mrefu sana waliongoja habari walikufa. Alisema mtu aliyetengwa na kundi zamani alikuwa maiti anayetembea, na kwamba ile baridi niliyoisikia tumboni ni ya kale kuliko lugha zote. Nilijua anasema kweli; mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika madaftari thelathini ya mambo hayo. Nikamuuliza, kama ni hivyo, mama wa omena alitoka wapi? Tumbo lake halikuwa na baridi? Akasema wapo pia watoto wa wale waliokaa chini na wenzao, kwamba hilo nalo ni la kale. Lakini akaongeza kwamba hajui ni kipi kinachomfanya mtu mmoja, siku moja, achukue hili badala ya lile. Nilimshukuru kwa kutojua. Jibu lolote lingine ningeligeuza udhuru.

Kwa wiki kadhaa nilishona nikiwa nimegeuza cherehani kuelekea ukutani. Haikusaidia. Nyayo zikipita nyuma yangu niligeuka, na binti yangu alikuwa ameanza kuuliza kila mtu anayekuja kuchukua sare, "Wewe ni wa hapa?" Siku nilipomsikia akimuuliza hivyo mama mmoja aliyetoka tu kununua soksi, niliamua kwenda kusema ukweli.

Dada mgonjwa alikuwa amerudi kutoka hospitali na alikuwa anafunga vitu vyake kuhama. Nilibisha mlango wake, mara yangu ya kwanza. Nilianza kumweleza nikiwa bado nimesimama, naye akaniinulia kiganja. Alisema mimi nisimwambie yeye, kwamba yeye hakuwepo. Nimwambie aliyevunjwa mkono. Akanielekeza: ukishuka Kabazi, uliza shule ya msingi, kisha shamba la tatu chini ya bomba la maji. Akaendelea kukunja mablanketi.

Nilimkuta akipalilia maharagwe kwa mkono mmoja. Plasta ilikuwa imetolewa. Mkono wa kushoto ulikuwa mwembamba, umekauka ngozi, na vidole viwili havikukunjika. Aliniona tangu nikiwa njiani, akasimama wima akinitazama hadi nikafika. Nilikuwa nimejipangia maneno tangu Nakuru. Yote yalinitoka kichwani.

Nikasema, "Ni mimi niliita watu siku ile. Mimi ndiye nilikuwa wa kwanza."

"Najua."

Sikuelewa. Akaniambia kwamba kwenye tuktuk, nilipoanza kuzungumza, aliitambua sauti. Kwa hiyo alijua wakati namletea maji. Alijua wakati nimempakata mtoto wa dada yake. Nilimuuliza kwa nini hakusema.

"Nilikuwa mji wa watu," akasema. "Ningesema, ungeita tena."

Alipiga jembe mara mbili tatu. Kisha akaniambia, bila ukali, kwamba haniulizi kwa nini niliita. Mtoto analia, mtu humjui, hata yeye angeita. Na kwa nini yeye aliongeza mwendo? Kwao wanaambiwa kwamba mjini ukiitwa na usiyemjua usigeuke, wanaiba simu. Aliniogopa nami nikamwogopa. Hayo alikuwa ameyafikiria akayamaliza. Jambo moja tu ndilo lilimsumbua.

"Wewe ulikuwa hapo mbele karibu sana. Mtoto aliposema anti, ulisikia?"

"Nilisikia."

Aliinama, akapalilia mstari mzima hadi mwisho wa shamba, akageuka, akarudi na mwingine. Nilibaki nimesimama katikati ya maharagwe. Nilikuwa na maelezo. Ningeweza kumweleza habari za kundi, na babu wa zamani, na baridi ya tumbo. Kila neno nililolionja mdomoni lilikuwa la kujitetea, nikaliacha.

Alipofika tena niliposimama alisema, "Sasa umesema. Sijui nikufanyie nini. Enda tu leo."

Nilienda. Nilirudi baada ya wiki tatu, kwa sababu alikuwa amesema "leo". Hakunikaribisha na hakunifukuza. Nilikaa kwenye gogo nje ya jikoni, nikanywa uji alionipa mama mkwe wake ambaye hakujua mimi ni nani, nikaondoka. Mara ya tatu alinipa jembe. Ilikuwa zamu ya kuinulia udongo viazi, huko huitwa waru, kazi inayotaka mikono miwili, na alikuwa amebaki nyuma ya majirani. Tulifanya kazi mistari sambamba bila kuzungumza juu ya siku ile. Aliniuliza habari za binti yangu. Nilimwambia bado anawauliza wageni, ila sasa namwambia awasogelee na awasalimie kwanza, na kwamba kila akivuka barabara kwenda kusalimia mtu, ni moyo wangu mimi unaosimama. Alicheka kidogo puani.

Karibu na saa sita pikipiki iliingia njia ya shamba kwa kasi, ikipiga honi, watu wawili juu yake. Niliona mabega yake yakipanda. Jembe lake lilisimama hewani. Mkono ule mwembamba ulikuja wenyewe mbele ya uso. Mimi pia nilikuwa nimesimama, sijui tangu lini, na nilikuwa nimepiga hatua moja kuelekea kwake. Tulibaki hivyo, tukitazama vumbi, hadi pikipiki ikapunguza mwendo kwenye lango la jirani na mmoja akateremsha mtungi.

"Ni watu wa maziwa," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa. Tukainama tena kwenye waru, lakini kwa muda mrefu sote wawili tulipalilia tukiwa tumeinua masikio.